Milango Ikiwa Wazi

Katika miaka niliyofanya kazi masijala ya mahakama, Mombasa, majalada yaliyonichosha roho zaidi yalikuwa ya mirathi. Mtu amekufa, na kabla matanga hayajaondolewa ndugu zake wameshafika dirishani na barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja huja baadaye, peke yake, aghalabu mwanamke, na mfuko wa plastiki wenye picha, risiti za karo na kadi za kliniki za watoto. Ndani ya mfuko ule mna maisha mazima ambayo hayakuandikwa popote. Pale dirishani ndipo nilipojua cheti cha ndoa ni kitu cha siku mbaya. Siku njema hakuna anayekiulizia. Kinaulizwa wodini, mochari, benki, na asubuhi ile shemeji anapobadilisha kufuli ya nyumba.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu aliponipigia simu kutoka Johannesburg, akaniambia yeye na mwenzake wanafunga ndoa mwezi wa Oktoba, na kwamba mwenzake ni mwanamume, swali langu la kwanza lilikuwa kama watapata cheti cha serikali. "Tutapata, Shangazi," akasema. "Kama mtu yeyote." Kisha akanyamaza, akauliza kama nitakwenda.

Habari yake niliijua zamani. Aliondoka Mombasa baada ya vitu vyake kutupwa nje ya chumba alichopanga na wapangaji wenzake kusimama wakitazama. Alilala kwangu, na asubuhi hatukuzungumza sana. Akaenda Nairobi, halafu kusini, akapata kazi ya uuguzi. Kaka yangu alikuwa amezoea kusema kijana yuko nje anatafuta maisha, akiishia hapo. Harusi ilimfikisha mahali ambapo maneno hayo hayakutosha tena. Alisema haendi. Hakufoka wala hakumlaani mwanawe, alisema tu kwamba hawezi. Mkewe hakubishana naye mbele yangu, ila jioni ile alifika kwangu Kisauni na halua na doti mbili za leso kwa ajili ya mama wa upande wa pili. "Mpe kwa mikono miwili," akaniagiza.

Sikuwahi kutoka Afrika Mashariki. Nilipanda treni Miritini, na Nairobi nikapanda ndege ya Johannesburg, safari ya saa nne hivi. Tangu Januari 2023 Mkenya haulizwi viza ya kutembelea Afrika Kusini, na kwa mstaafu kama mimi ule ni mzigo mkubwa ulioondoka. Ndani ya ndege niliketi na mama mmoja mfanyabiashara wa nguo. Alipojua ninakwenda harusini alifurahi kama kwamba amealikwa, akataka kujua bibi harusi ni wa wapi. Nikamwambia upande ule ni watu wa Soweto. Alitaka kuona picha. Nikasema zimo kwenye simu iliyozimwa. Nililala usingizi wa kujilazimisha mpaka tukashuka, na uchungu wa dakika zile bado ninao, kwa kuwa furaha ya yule mama ilikuwa ya kweli, nami nilitamani kuipokea yote. Uwanjani O. R. Tambo kijana wa uhamiaji aliniuliza sababu ya safari. Nikasema harusi ya mwanangu. Akagonga muhuri, akanitakia heri. Katika safari nzima hapo ndipo nilipoanza kupumua.

Johannesburg iko juu, karibu sawa na Nairobi, na mwezi wa Oktoba mijakaranda imechanua barabara nzima. Baridi ya asubuhi, jua kali mchana, jioni ngurumo na mvua ya mawe. Kuta za nyumba ni ndefu, juu yake nyaya za umeme. Teksi zao, yaani matatu zetu, husimamishwa kwa ishara za vidole, kila ishara na njia yake. Mwanangu alinifundisha ishara ya kwenda mjini, kisha akanikataza kuitumia peke yangu.

Siku moja kabla ya harusi, mkwe wangu alinichukua. Ni fundi wa umeme, mpole, asiyependa kusema mengi kwa Kiingereza. Alikuwa amesikia kwamba nimefanya kazi mahakamani, akaona kuna pahali lazima nipaone.

Kilima cha Katiba kiko kati ya Braamfontein na Hillbrow. Palikuwa gereza tangu siku za Paul Kruger mpaka 1983. Gandhi alifungwa pale, na Mandela aliwekwa pale mwaka 1962 akingoja kesi. Jengo waliloliita Namba Nne lilikuwa la wanaume Weusi. Nilipita katika vyumba vya wafungwa wa kutengwa, nikasimama kwenye ua ambao watu walivuliwa nguo na kulazimishwa kurukaruka uchi mbele ya askari ili ionekane hawakuficha kitu mwilini. Wengi waliopita pale hawakuiba wala kuua. Walikutwa bila pasi. Wengine walikutwa na mpenzi asiye wa rangi yao, kwani kuanzia 1949 Afrika Kusini ilikuwa na sheria iliyokataza ndoa kati ya Mzungu na asiye Mzungu, na nyingine iliyokataza mapenzi yao. Polisi waliingia vyumbani usiku kupapasa shuka kama zina joto la watu wawili. Sheria hizo zilidumu mpaka 1985.

Wanaume wapendanao na wanaume wenzao nao walikuwa na sheria zao. Mwaka 1966 polisi walivamia sherehe katika nyumba moja mtaa wa Forest Town, hapo hapo Johannesburg, wakawakuta wanaume mamia. Bunge likahangaika, na mwaka 1969 likapitisha kifungu kilichokataza mwanamume kufanya na mwenzake jambo lolote la kuamsha ashiki "kwenye sherehe". Sherehe wakaifafanua kuwa ni mahali popote walipo zaidi ya watu wawili. Nilisoma kifungu hicho mara mbili. Mtu wa tatu akiingia chumbani, hata kama ni mgeni aliyekuja kuomba chumvi, yeye ndiye anayekamilisha kosa.

Juu ya kilima hicho hicho ndipo ilipojengwa Mahakama ya Katiba. Jengo la mahabusu walilibomoa, na matofali yake yakajenga ukuta wa chumba cha kusikilizia kesi na ngazi pana zinazopita nje. Mahakama ilikuwa likizo, wageni tukaruhusiwa kuingia. Mlango ni mkubwa, wa mbao, umechongwa haki 27 zilizomo katika katiba, kwa lugha zote rasmi za nchi. Ndani, nguzo zimeinama huku na huku, zikikumbusha baraza la wazee chini ya mti. Meza ya majaji 11 imefunikwa kwa ngozi za ng'ombe, kila moja na madoa yake. Nyuma yao kuna dirisha jembamba, refu, lililo usawa wa ardhi ya nje, na ukiketi kwenye benchi la wananchi unaona miguu ya wapita njia. Nimezoea mahakama ya madirisha ya juu, ambayo hewa yenyewe huingia kwa kibali. Niliketi pale muda mrefu nikitazama viatu vya watu.

Kesi iliyowapa wanangu haki yao iliamuliwa mahakama hii tarehe 1 Desemba 2005. Wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja tangu 1994 walikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kutaka uhusiano wao utambuliwe kuwa ndoa. Mwaka 2002 wakashindwa. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani iliwapa nusu mkate: iliwakubali katika maana ya ndoa, lakini sheria ya 1961 ilikuwa na maneno ya kiapo yanayomtaka mtu aseme kama anamchukua mwenzake kuwa mke au kuwa mume, na maneno hayo hayakuguswa. Mahakama ya Katiba ikayagusa. Hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs. Alisema kuwatoa watu hawa nje ya ndoa ni kuwaambia kwamba upendo wao na kujitoa kwao ni vya daraja la chini. Alisema pia Bunge lisijaribu kuwajengea kibanda cha pembeni kikaitwa jina lingine, kwa kuwa nchi ile imeshaona kibanda cha pembeni kina maana gani. Viongozi wa dini hawatalazimishwa kufungisha ndoa wasizozikubali. Bunge lipewe miezi 12, na likishindwa, maneno "au mwenzi" yaingie yenyewe katika kiapo, bila mtu kuinua kalamu. Jaji Kate O'Regan alikubaliana na wenzake kuhusu haki, akakataa kungoja: alitaka amri ianze siku ile ile. Kama karani niliyeona watu wakifa wakingoja tarehe, moyo wangu uko na Jaji O'Regan.

Sachs huyu alikuwa mpigania uhuru. Mwaka 1988 akiwa uhamishoni Maputo, makachero wa serikali ya makaburu walitega bomu garini mwake. Alinusurika, lakini alipoteza mkono wa kulia na uwezo wa kuona kwa jicho moja.

Hukumu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Nje, kwenye ngazi, mkwe wangu alinisimulia habari za Simon Nkoli, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa mfululizo. Nkoli alikuwa kijana Mweusi, mwanaharakati. Mwaka 1984 alikamatwa, na baadaye yeye na wenzake 21 wakashtakiwa kwa uhaini katika kesi iliyokuja kuitwa ya Delmas. Adhabu ya kosa lile ilikuwa kifo. Akiwa gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Palikuwa na ugomvi. Wengine walitaka ashtakiwe peke yake, asije akalichafua jambo lao. Wakabishana siku nyingi, mwishowe wakabaki pamoja. Miongoni mwao alikuwamo Mosiuoa Lekota, na Popo Molefe, watu waliokuja kuwa na sauti kubwa katika chama cha ANC na katika nchi. Nkoli aliachiliwa mwaka 1988. Tarehe 13 Oktoba 1990 yeye na wenzake, akina Beverley Ditsie, waliongoza maandamano ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja Johannesburg, kuanzia Braamfontein, mtaa tuliokuwa tumeuacha chini yetu. Baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi kichwani ili wasitambuliwe wakafukuzwa kazi. Na katiba mpya ilipoandikwa, ya muda kwanza, kisha ile ya 1996 ambayo Mandela aliitia saini Sharpeville, ikawa ya kwanza duniani kutaja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wangu walishike. Tunaambiwa kila siku kwamba haki hizi ni mzigo wa Wazungu uliopakiwa kwenye misaada. Mimi nilisimama mahali zilipotoka. Zilitoka katika seli za watu waliokuwa wakihukumiwa kwa kudai kura, waliobishana usiku kucha kama mwenzao anayelala nao sakafuni ni mtu kamili, wakaamua kwamba ni mtu kamili. Afrika Kusini ilifungisha ndoa hizi zaidi ya miaka saba kabla ya Uingereza. Ilikuwa nchi ya tano duniani baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada. Kifungu cha 162 cha sheria zetu za adhabu, kile kinachoweza kumfunga mwanangu miaka 14, ndicho kilichokuja na Waingereza kwa meli.

Nkoli hakuiona siku ndoa hizi ziliporuhusiwa. Alikufa kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998, wiki chache baada ya Mahakama ya Katiba kufuta sheria zilizofanya mapenzi ya wanaume kuwa jinai, pamoja na ile ya sherehe ya watu watatu. Miaka minane baadaye, tarehe hiyo hiyo, sheria ya ndoa ilianza kazi. Bunge lilikuwa limeipitisha Novemba 14, 2006, kura 230 dhidi ya 41, huku nje makanisa na machifu wakipinga, na naibu rais Phumzile Mlambo-Ngcuka akaitia saini akikaimu urais. Haikuwa safi. Sheria ya zamani ya mume na mke iliachwa kama ilivyo, na ofisa wa serikali aliruhusiwa kuandika barua kwamba dhamiri yake inamkataza kufungisha ndoa ya jinsia moja. Mkwe wangu ana marafiki waliorudishwa na ofisi moja ya mji mdogo, wakaambiwa wajaribu mji wa pili. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2020 kwa mswada wa mbunge Deidre Carter wa chama cha COPE. Mmoja wa waanzilishi wa COPE, na kiongozi wake wakati ule, alikuwa Lekota, yule yule wa Delmas.

Harusi yenyewe ilifanyika katika ofisi ya serikali ambayo watu hufuata vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Tulipita kwenye foleni ndefu ya watu wenye bahasha. Wanangu walivaa suti za buluu, kila mmoja na ua. Kwa kuwa mmoja si raia, walikuwa wameshahojiwa na ofisa wa uhamiaji kabla ya siku ile, kila mtu peke yake: mlikutana wapi, nani anapika, upande gani wa kitanda ni wako. Mwanangu alikuwa ametoa pia karatasi kutoka Nairobi inayothibitisha kwamba hana ndoa nyingine.

Chumba kilikuwa kidogo, na bendera, na meza yenye kitambaa cha plastiki. Mama aliyefungisha alikuwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni na haraka ya mtu mwenye watu wengi wanaomngoja. Kabla ya kuanza alisimama, akaenda kuufungua mlango uliokuwa umejifunga, akauegemeza kiti. Nilidhani ni joto. Aliona ninamtazama, akaniambia sheria inasema milango iwe wazi. Kweli, nilikuja kuisoma: ndoa hufungwa mbele ya mashahidi wawili, milango ikiwa wazi. Ni sharti la kale, la ndoa zote, la kuzuia ndoa za siri. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kusoma sheria ya 1969, ambayo mtu wa tatu kuwapo ndiko kulikofanya kosa, na sasa hapa mtu wa tatu na wa nne wanatakiwa kwa lazima, na bila wao ndoa si ndoa. Wa tatu nilikuwa mimi. Wa nne alikuwa mama wa mkwe wangu. Watoto wawili wa foleni walikuja kuchungulia, wakaachwa.

Aliwauliza kila mmoja kama anajua kizuizi chochote cha kisheria, na kama anatuita sote tuliopo tushuhudie kwamba anamchukua huyu kuwa mwenzi wake halali. Kila mmoja alijibu ndiyo. Akawaambia wapeane mkono wa kulia, kwa kuwa sheria inataja mkono wa kulia, nikamkumbuka jaji aliyeiandika hukumu. Kisha akatangaza, akageuza daftari kwetu, akatuonyesha mahali pa kuweka saini. Nimeweka mihuri isiyohesabika maishani mwangu. Saini ile mkono ulitetemeka, na sikujali nani anaona.

Chakula kililiwa Soweto, uani, chini ya turubai. Leso nilizitoa kwa mikono miwili. Mama alijifunga moja papo hapo juu ya gauni lake la harusi, nyingine akanifunga mimi. Ni mjane, muumini wa kanisa, na safari yake ya kumkubali mwanawe ilikuwa ndefu kuliko yangu. Aliniambia kilichomgeuza ni mazishi. Katika mtaa wao kijana mmoja alikufa, na mwenzake aliyekuwa amemuuguza alifika msibani akaketishwa nje na madereva. Hakuitwa hata kurusha udongo. Mama alirudi nyumbani akijiuliza mwanawe ataketi wapi.

Aliniuliza kama kwetu jambo hili halipo kabisa. Nikamwambia yapo mawili ambayo watu huyachanganya. Wapo Wakamba, Wanandi, Wakisii, na Wakuria wa pande zote mbili za mpaka, ambao kwao mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa mahari kamili, ili nyumba yake isizimike. Hiyo si ndoa ya mapenzi, na wazee watakuonya usiiite hivyo. Lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, mahakama yangu, ilimtambua mwanamke wa namna hiyo, wa Kinandi, kuwa mrithi wa mwanamke aliyemwoa. Ninalitaja kwa sababu wanaosema mila ya Mwafrika haijawahi kuona wanawake wawili katika nyumba moja ya ndoa hawakupita masijala. Jambo la pili ndilo la hawa wanetu, na hilo lipo, limekuwapo, na limefungiwa. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya jinai, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba ukivifuta utakuwa umefungua njia ya ndoa hizi. Mwandishi wetu Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki siku tatu kabla. Mwaka uliotangulia alikuwa ametangaza kwamba amemchumbia mpenzi wake na kwamba wataishi Afrika Kusini. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kusajili chama chao. Chama wanaweza. Nyumba hawawezi.

Nisije nikaipamba Afrika Kusini. Usiku ule uani palitajwa majina ambayo watu hawayataji kwa sauti ya juu: Eudy Simelane, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, aliyependa wanawake, akabakwa na kuuawa KwaThema mwaka 2008. Na Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town aliyejitangaza tangu miaka ya tisini kuwa anapenda wanaume na kuwapa faraja Waislamu waliofukuzwa misikitini na majumbani mwao. Alipigwa risasi ndani ya gari karibu na Gqeberha tarehe 15 Februari 2025, miezi minane tu kabla ya mimi kufika. Niliwafikiria majirani zangu wa Kisauni, ambao miongoni mwao wapo watoto wa namna ile wakisoma Qur'ani na kumwogopa Mungu kama wengine. Tulipoondoka Soweto wanangu walikuwa wameshavua maua kifuani, na ndani ya gari walikaa mbalimbali. Sheria imewafikisha mbali sana, ila haipandi nao teksi saa nne usiku.

Siku chache zilizobaki tulizitumia mezani, sisi watatu. Nchi ile, wasipoandika mkataba mwingine kabla ya ndoa, mali zao ni moja. Mmoja akifa bila wosia, mwingine ni mrithi. Akilazwa, mwenzake ndiye ndugu wa kwanza. Mwanangu aliagiza kazini wabadilishe jina la mtu wa kupigiwa simu, na ikawa barua pepe ya mistari miwili. Lakini wanataka kuja Voi, kwa bibi yake, siku moja. Na cheti kile kikifika Nairobi ni karatasi tu. Kwetu mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka mingi bila cheti mahakama inaweza kumwokoa, ikadhania kwamba ndoa ilikuwapo. Hawa wenye cheti hakuna wa kuwadhania. Gari likipinduka barabara ya Mombasa, mmoja atakuwa maiti na mwingine mtalii.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Sheria yetu ya urithi inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali amtakaye kwa wosia wa maandishi, ukishuhudiwa na watu wawili. Hapo hakuna anayeuliza jinsia. Tuliandika wosia wa mwanangu kwa Kiswahili: kiwanja chake cha Voi, akiba yake ya sako, vitabu. Kisha akataka kifungu cha maziko. Alitaka azikwe Voi kando ya babu yake, na mumewe awe wa kwanza kutia udongo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengi dirishani: kwetu maiti si mali, na matakwa ya marehemu mahakama huyasikiliza bila kufungwa nayo. Wambui Otieno alikuwa na ndoa halali, watoto, na mawakili hodari, na bado mwaka 1987 ukoo wa mumewe, S. M. Otieno, ulimchukua maiti ukamzika Nyalgunga. Mwanangu alisema niandike hivyo hivyo. Nikaandika.

Mashahidi ni mimi na mama mkwe, ambaye alikuja kwa teksi mbili ili aweke saini. Nakala moja imebaki Johannesburg, nyingine iko kabatini kwangu Kisauni. Niliporudi nilimwambia kaka yangu kwamba wosia upo na kwamba una kifungu kinachomhusu yeye, kwa kuwa kiwanja kile kimepakana na chake. Ameomba kuusoma. Jumapili anakuja.